Mpira Hukosea Kimya

Alifika saa tano usiku ndani ya gari la wagonjwa lililotoka hospitali ya wilaya moja, mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu. Kijana wa bodaboda, kichwa kimepasuka upande wa kushoto, mpira wa kupumulia umefungwa kwa plasta mdomoni. Pembeni yake alikaa muuguzi, jasho limemlowesha mgongo, mkono wa kulia bado unaminya ambu. Hakuwa ameacha kuminya tangu walipoondoka. Nilipofunua shuka nikaona tumbo limejaa kama ngoma. Nikaweka stetoskopu juu ya tumbo, na kila alipominya nikasikia mabubujiko. Kifuani kulikuwa na pumzi hafifu za kijana mwenyewe, basi.

Mpira ulikuwa kwenye umio. Hewa yote ya safari ile ilikuwa inakwenda tumboni.

"Sista, ngoja kwanza," nikamwambia. Tukauchomoa, tukafyonza matapishi, mwenzangu akashika barakoa kwa mikono miwili, mimi nikaminya. Kifua kikapanda, na namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni ikaanza kupanda nayo. Kijana aliishi njia nzima kwa sababu moja tu: alikuwa akijivutia hewa kidogo kidogo pembeni ya mpira uliowekwa ili umsaidie.

Huenda mpira uliingia pabaya tangu mwanzo. Huenda ulikaa sawasawa, ukachomoka walipomhamishia kwenye machela au kwenye matuta ya Chalinze. Muuguzi alisimama ukutani, mikono inamtetemeka, akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Daktari, mbona hakuna kitu kilichoniambia?"

Safu hii ni jaribio la kumjibu. Sisi wa idara za dharura na usingizi tumebishana miaka mingi juu ya njia ipi ni bora kumpa hewa mgonjwa kabla hajafika hospitali, na karibu kila mara tumeipima kila njia kwa ubora wake inapofaulu. Nadhani tumeanzia pasipofaa. Kando ya barabara, gizani, ndani ya gari linaloruka mashimo, swali la kwanza liwe jingine: njia hii ikikosea, inakosea vipi? Nitajuaje kwamba imekosea, na nitaweza kurudi nyuma upesi kiasi gani?

Njia tatu, makosa matatu

Ya kwanza ni mfuko na barakoa. Wodini tunauita ambu, kwa jina la kibiashara lililotoka Denmark ulikotengenezwa. Kisa chake kinaanzia Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, ambapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko kwa mkono ili wagonjwa waliopooza wapate pumzi. Mifuko ile ilitegemea gesi ya mtungi. Mwaka 1956 mhandisi Holger Hesse na daktari wa usingizi Henning Ruben wakatoa mfuko unaojijaza wenyewe kwa hewa ya kawaida. Mtungi ukiisha, mfuko unaendelea. Ndiyo maana unafaa barabarani.

Lakini ambu si rahisi kama inavyoonekana. Kidole gumba na cha shahada vinakaa juu ya barakoa kwa umbo la herufi C. Vidole vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya kwa umbo la E na kuliinua kuelekea kwenye barakoa. Anayeanza hufanya kinyume: huikandamiza barakoa usoni, kidevu kikashuka, ulimi ukaziba koo. Mwenye mkono mdogo huchoka ndani ya dakika chache. Mgonjwa mwenye ndevu nyingi au asiye na meno huvujisha hewa mashavuni. Ukiminya kwa pupa, hewa inaingia tumboni, na baada ya hapo subiri matapishi.

Hata hivyo ambu ina tabia moja ya kiungwana: inakosea mbele ya macho yako. Hewa ikivuja utaisikia ikifoka shavuni. Kifua kisipopanda utakiona. Na marekebisho yako mkononi: inua taya upya, weka kile kipande cha plastiki kilichopinda cha kuzuia ulimi, mwite mwenzako ashike barakoa kwa mikono miwili wewe uminye. Hakuna kilichopotea isipokuwa sekunde chache.

Ya pili ni vifaa vinavyokaa juu ya zoloto. Daktari wa Uingereza Archie Brain alianza kuijaribu barakoa ya zoloto mwaka 1981 na kuitangaza kwa wenzake mwaka 1983; leo ina ndugu wengi, ukiwemo i-gel, ambao hauna hata puto la kujaza upepo. Hivi huingizwa bila kuona ndani ya koo, kwa sekunde chache, na mara nyingi bila kumsimamisha anayesukuma kifua. Vikikaa vibaya, kwa kawaida hulalamika: hewa hufoka mdomoni. Udhaifu wake ni kwamba havifungi kabisa njia ya mapafu dhidi ya matapishi, na koo lililovimba au lililojaa damu linaweza kuvikataa.

Ya tatu ni mpira wenyewe, unaopitishwa katikati ya nyuzi za sauti kwa msaada wa laringoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya koo, na kufungwa ndani ya trakea kwa puto dogo. Ukikaa mahali pake hakuna kinachoushinda: hewa yote inafika mapafuni, matapishi yanazuiliwa, mikono inapumzika. Lakini ndio unaokosea kimya. Ukiwa kwenye umio, mfuko unaminyika vilevile. Mvuke unaweza kuonekana ndani ya mpira vilevile. Ndani ya gari, king'ora kikilia na injini ikinguruma, stetoskopu haikwambii lolote la kuaminika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho huchelewa. Huanza kushuka baada ya madhara kuanza. Muuguzi wangu alikuwa na kila kitu isipokuwa kitu cha kumwambia.

Mwaka 2018 na mizani ya ushahidi

Kwa muda mrefu takwimu za wagonjwa ambao moyo umesimama nje ya hospitali zilionyesha jambo la kushangaza: waliopewa ambu tu walipona zaidi kuliko waliowekewa mpira. Wengine wakakimbilia kusema mpira unaua. Hesabu ile ilikuwa na mtego. Mgonjwa ambaye moyo wake umerudi baada ya dakika mbili hahitaji tena mpira. Anayeupata ni yule ambaye dakika kumi na tano zimepita bila moyo kurudi. Ni sawa na kusema miavuli huleta mvua.

Mwaka 2018 majaribio makubwa matatu yaliyopanga makundi kwa bahati nasibu yalichapishwa, na mjadala ukapata msingi. Ufaransa na Ubelgiji, ambako madaktari husafiri ndani ya magari ya wagonjwa, watu 2,043 waligawanywa kati ya ambu na mpira. Baada ya siku 28, waliokuwa hai na ubongo mzuri walikuwa asilimia 4.3 kwa ambu na 4.2 kwa mpira. Karibu sare, ingawa watafiti wenyewe waliona hesabu haitoshi kutamka kwamba ambu si duni. Tena ambu ililipa gharama yake: matapishi yalirudi kwa asilimia 15.2 ya wagonjwa dhidi ya 7.5, na njia ilishindikana kwa asilimia 6.7 dhidi ya 2.1.

Uingereza, wahudumu wa ambulensi walipangwa kutumia i-gel au mpira kwa wagonjwa 9,296. Waliotoka na hali nzuri ya ubongo walikuwa asilimia 6.4 kwa i-gel na 6.8 kwa mpira, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Lakini kufanikiwa kuingiza hewa ndani ya majaribio mawili kulikuwa asilimia 87.4 kwa i-gel na 79.0 kwa mpira. Marekani, kwa wagonjwa 3,004, mpira ulipambanishwa na kifaa kingine cha juu ya zoloto. Waliokuwa hai baada ya saa 72 walikuwa asilimia 18.3 kwa kifaa hicho na 15.4 kwa mpira. Tazama pia kiwango cha kufaulu kwa kifaa cha kwanza: asilimia 90.3 dhidi ya 51.6.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayowasomea wanafunzi wangu. Wahudumu wa Marekani, waliosomeshwa na kulipwa kwa kazi hiyo, walifaulu kuweka mpira kwa takriban nusu tu ya wagonjwa waliowaanzia nao. Madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walishindwa kwa asilimia 2.1 tu. Mpira ni uleule, trakea ni ileile. Kilichobadilika ni mikono, na idadi ya mara ambazo mikono hiyo imeifanya kazi hiyo. Anayesema "mpira ni bora" au "i-gel ni bora" bila kutaja ni mikono ya nani hajasema kitu.

Kwa watoto onyo lilikuja mapema zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Los Angeles na wilaya jirani ya Orange, watoto 830 waligawanywa kati ya ambu na mpira. Waliopona walikuwa asilimia 30 kwa ambu na 26 kwa mpira. Mpira haukuongeza chochote kilichopimika, pamoja na hatari zake zote.

Kichwa kilichojeruhiwa

Mtu atanijibu kwamba majaribio ya 2018 yalihusu moyo uliosimama, wakati barabara zetu zinatuletea vichwa vilivyopasuka. Ni kweli, na hapo hadithi inakuwa nzito zaidi. Kijana mwenye jeraha la ubongo mara nyingi bado anakaza taya. Ili umwekee mpira inabidi umpe dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, yaani unamwondolea pumzi aliyonayo kwa ahadi kwamba utampa iliyo bora.

San Diego, Marekani, walijaribu kuwapa wahudumu wa ambulensi ruhusa hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalitisha: waliowekewa mpira kwa dawa walikufa kwa asilimia 33.0, wakati wenzao waliofanana nao kwa majeraha walikufa kwa asilimia 24.2. Walipochunguza rekodi za wagonjwa 54, waliona oksijeni ilishuka vibaya kwa 31 kati yao wakati wa kuweka mpira. Kati ya hao 31, kwa wagonjwa 26 wahudumu waliandika kwamba kazi ilikuwa rahisi. Hawakuwa waongo. Macho yao yalikuwa kooni, na hakuna kilichowaambia.

Kosa jingine lilikuja baada ya mpira kukaa. Mkono wenye hofu huminya haraka. Mwaka 2004 watafiti wa Milwaukee waliripoti kwamba wahudumu wenye uzoefu, wakati wa kufufua watu wazima, walikuwa wanaminya wastani wa mara 30 kwa dakika, wakati zinazotakiwa ni kama 10. Pumzi nyingi hukibana kifua na kuzuia damu kurudi moyoni. Kwa mwenye jeraha la kichwa huondoa hewa ukaa kupita kiasi, mishipa ya ubongo ikasinyaa, ubongo uliojeruhiwa ukanyimwa damu na mtu anayejitahidi kuuokoa. Pumzi moja kila sekunde sita, theluthi ya mfuko wa mtu mzima, kifua kikianza kupanda acha: maneno haya yanaokoa watu wengi kuliko laringoskopu ghali.

Sasa weka pembeni yake jimbo la Victoria, Australia. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 312 wenye majeraha makubwa ya kichwa. Waliowekewa mpira kwa dawa na wahudumu wabobezi njiani walikuwa na hali nzuri ya ubongo baada ya miezi sita kwa asilimia 51, na waliosubiri hospitali kwa asilimia 39. Tofauti hiyo ilivuka kizingiti cha takwimu kwa unywele tu, lakini ilivuka. Kazi ileile iliyoendana na vifo zaidi San Diego ilielekea kusaidia Victoria, kwa wahudumu waliochaguliwa, waliofunzwa kwa kina, na waliokuwa na kipimo cha hewa ukaa mkononi.

Mstari unaosema

Kipimo hicho, kapnografia, ndilo jibu la swali la muuguzi. Hewa inayotoka mapafuni ina hewa ukaa. Inayotoka tumboni haina, au inayo kidogo inayoisha baada ya pumzi chache. Kifaa kidogo kinachounganishwa kati ya mpira na mfuko huchora kilima kila mgonjwa anapotoa pumzi. Mpira ukiwa pabaya, mstari unalala.

Orlando, Florida, walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2001 ilichapishwa kwamba kati ya wagonjwa 108 waliofika na mpira, 27 walikuwa nao mahali pasipofaa. Mmoja kati ya wanne! Utafiti uliofuata katika eneo hilohilo, mwaka 2005, ulitenganisha waliopimwa hewa ukaa muda wote na wasiopimwa. Waliopimwa, hakuna hata mmoja aliyefika na mpira uliopotea bila kujulikana. Wasiopimwa, asilimia 23.3. Kapnografia haimfundishi mtu kuweka mpira. Inaunyang'anya mpira ukimya wake.

Kwa hiyo ninawafundisha kanuni moja fupi: hakuna mstari, hakuna mpira. Gari lisilo na kapnografia lisibebe mgonjwa mwenye mpira kama kuna njia nyingine. Na anayeuona mstari umelala asianze kubishana na mashine. Autoe, arudi kwenye ambu.

Somo la Haydom

Tusidhani ushahidi wote unatoka ng'ambo. Moja ya masomo makubwa kuhusu ambu limetoka hapa kwetu, chumba cha kujifungulia. Programu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, inayofundisha kumkausha mtoto, kumchangamsha, na asipopumua kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ilipimwa katika hospitali nane za Tanzania. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha vifo vya mapema vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 47. Hakuna mpira wala laringoskopu humo.

Lakini hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliongeza sura ambayo wanunuzi wa vifaa hawapendi kuisoma. Wakunga walifunzwa siku moja, wakafanya vizuri sana kwenye mwanasesere wa mazoezi. Watafiti walipowatazama wakiwa kazini, kwa watoto wa kweli, hawakuona mabadiliko. Ujuzi ulibaki kwenye mwanasesere. Mambo yalibadilika pale mazoezi yalipokuwa mafupi na ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Semina ya siku moja yenye cheti na chakula cha mchana haikutosha kwa kifaa rahisi kuliko vyote. Sembuse mpira!

Hapo ndipo hesabu yetu inapoanzia. Wengi wa wagonjwa wetu hawafiki hata kwa ambulensi. Wanaletwa kwa bajaji, kwa gari la polisi, kwa gari la msamaria. Kwao njia ya hewa ni mtu mmoja anayejua kuinua kidevu na kumlaza ubavu. Kozi ya Shirika la Afya Duniani ya huduma za msingi za dharura, iliyotolewa mwaka 2018 baada ya kujaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia, inawafundisha wahudumu wa mstari wa mbele kuinua taya, kufyonza na kutumia ambu. Haianzii kwenye mpira, na iko sahihi.

Kama ningepewa bajeti ya magari ya wagonjwa ya mkoa mmoja, ningenunua kwanza barakoa za saizi zote, maana ambu ya mtu mzima yenye barakoa moja ni ambu nusu. Mashine ya kufyonza inayofanya kazi hata betri ya gari ikichoka. Na kiti cha pili nyuma, kwa mhudumu wa pili, kwa sababu barakoa inataka mikono miwili. Kisha vifaa vya juu ya zoloto, kwa ajili ya safari ndefu na mikono iliyochoka. Kisha kapnografia. Mpira ungekuja mwisho, kwa wachache wanaouweka mara kwa mara chumba cha upasuaji na kurudi huko kila mwezi.

Wenzangu wa usingizi huniambia nawarudisha watu nyuma. Wananikumbusha aliyeungua moto ndani ya nyumba, ambaye koo lake linavimba na baada ya nusu saa hakuna kifaa kitakachopita. Wananikumbusha mwendo wa saa nne na mgonjwa anayetapika. Wana haki. Wapo wanaouhitaji mpira, tena mapema, na wanastahili mtu anayeuweza aupeleke pale walipo. Ninachokataa ni kuugeuza kuwa cheo, kiasi kwamba mhudumu anaona aibu kufika mlangoni na ambu, na haoni aibu kufika na mpira asioweza kuuthibitisha.

Yule kijana alifariki siku ya tatu. Muuguzi aliendelea na kazi yake ya kusindikiza wagonjwa. Baada ya kama miaka miwili nilimpokea tena mlangoni, safari hii na mama mwenye kifafa ambacho hakikutaka kukatika. Mpira ulikuwa juu ya shuka, umetolewa, una ute. Sista alikuwa amepiga magoti kichwani kwa mgonjwa, mikono yote miwili kwenye barakoa, na dereva msaidizi ndiye aliyekuwa anaminya, taratibu, akihesabu kwa sauti hadi sita.

"Mstari ulilala tulipopita Chalinze," akasema bila kuinua macho. "Nikauchomoa."

Nilitazama kifua cha mama. Kilikuwa kinapanda.